Kumsomea Mama Ramani ya Nyumba

Katika kazi yetu ya ualimu, somo la nyumba huja mapema. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hufundishwa ukuta, mlango, dirisha na paa; wa mwezi wa pili huongezewa sebule, chumba cha kulala, jiko, choo na ua; kisha darasa huhamia sokoni. Somo hilo lamtosha mtu atakayeishi katika nyumba za kwetu. Halimtoshi mtu aliyepewa kazi niliyopewa mimi mwaka jana, nayo ni kuisoma kwa Kiswahili, kuanzia msingi hadi kipaa, nyumba ambayo bado haijajengwa, tena itakayojengwa katika nchi ya Denmaki.

Umbu langu (nalitumia neno hili kwa makusudi, maana linataka kupotea midomoni mwa vijana wetu) anakaa karibu na Odense, katika kisiwa cha Fyn, ambako ni muuguzi. Mumewe ni Mdenmaki, nao wana watoto wawili. Baada ya kuishi miaka mingi katika nyumba ya kupanga, wamenunua kiwanja cha mita za mraba 700 nje kidogo ya mji, wakamwita msanifu majengo awachoree nyumba ya kukaa na watoto wao. Michoro ilipokuwa tayari, umbu langu aliniletea nakala Bujumbura pamoja na ombi moja: nimsomee mama. Mama yetu ana umri wa miaka 76. Anakaa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani na ya barazani tangu enzi za wazee wake. Anasoma hati za Kiarabu, lakini michoro ya wasanifu hajapata kuisoma. Na kimoja katika vyumba vilivyochorwa kilikuwa chake.

Wenzangu wengi bila shaka wameziona picha za nyumba ziitwazo za mtindo wa Skandinavia: kuta nyeupe, sakafu ya mbao zenye rangi ya asali, dirisha kubwa lisilo na pazia, kiti kimoja, mmea mmoja ndani ya chungu. Wapo hata watu wa miji yetu wanaompelekea fundi picha hizo na kumwambia, "Nijengee kama hii." Picha hizo si za uongo, ila zinaonyesha jawabu na kuficha swali. Mtu akilinakili jawabu bila kulijua swali, atapata nyumba nyeupe yenye joto kali, na pazia zito lililofungwa mchana kutwa.

Swali lenyewe ni jua.

Sisi wa Bujumbura tuko nyuzi tatu na kitu kusini ya Ikweta. Jua letu hutoka yapata saa kumi na mbili na kutua yapata saa kumi na mbili, mwaka mzima. Wakati wa adhuhuri li karibu na utosi, na nyumba njema kwetu ni ile inayolikimbia: baraza pana, paa lililoshuka, ukuta mnene, mwembe uani. Odense iko nyuzi 55 kaskazini. Huko, tarehe 21 Desemba, jua hutoka yapata saa tatu kasorobo asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Hata adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 11 juu ya upeo wa macho. Mwezi wa Juni hupanda hadi nyuzi 58, na mchana huchukua zaidi ya saa 17.

Kutokana na hesabu hiyo ndiko nyumba nzima inakozaliwa. Nuru ya adhuhuri ya Desemba ikiingia kwa dirisha lenye kimo cha mita 2 linaloelekea kusini, hupenya ndani mita 10 hivi, yaani hufika ukuta wa nyuma. Nuru ya Juni, kwa dirisha lile lile, haivuki mita moja na robo. Basi msanifu akilitoa paa nje ya ukuta kwa mita moja tu, amekwisha kuweka bawabu mlangoni: wakati wa kiangazi kivuli cha paa hufunika zaidi ya mita moja na nusu ya dirisha, na katika majira ya baridi hufunika sentimita 20 tu, jua likaachwa liingie. Mti mmoja, kipimo kimoja, kazi mbili. Nilimchorea mama jambo hili mchangani kwa kijiti, naye akalifahamu mara moja kuliko wanafunzi wangu wa kidato cha nne.

"Kumbe wenzetu wanaliwinda jua," akasema.

Ndivyo. Na weupe wa kuta, ambao watu huuchukua kuwa ndio mtindo wenyewe, ni mtego wa uwindaji huo. Nuru chache iliyoingia haiachwi imezwe na ukuta wenye rangi nzito. Hurudishwa na ukuta hadi ukuta, mpaka pembe ya mwisho ipate sehemu yake. Mbao nazo huchaguliwa za rangi nyepesi, msonobari au mwaloni, nyingine hupakwa sabuni badala ya vanishi ili zisiwe na rangi ya chai. Hata taa huchorwa kwa fikira hiyo hiyo. Mdenmaki Poul Henningsen, aliyezaliwa 1894, alianza katika miaka ya 1920 kutengeneza taa zenye vifuniko kadhaa vilivyopangwa mmoja juu ya mwingine, ili jicho lisikutane na balbu bali lipate nuru iliyokwisha kutulizwa. Taa hizo huning'inizwa chini sana, juu ya meza ya kulia. Umbu langu anazo mbili za kuiga, zilizonunuliwa mnadani. Za asili bei yake haisemeki mbele ya mwalimu.

Michoro ilikuwa karatasi nane. Ya kwanza ilionyesha kiwanja, na juu yake mshale wa kaskazini. Nyumba imenyooka kutoka mashariki kwenda magharibi, nyembamba, ukubwa wake mita za mraba 168. Sheria ya huko haikuruhusu ipite 210, kwa sababu katika viwanja vya nyumba za pekee jumla ya sakafu haipaswi kuzidi asilimia 30 ya kiwanja. Upande wa kaskazini kumewekwa bafu, stoo, mlango wa kuingilia na chumba cha kufulia, vyote vyenye madirisha madogo. Upande wa kusini kumefunguliwa vioo tangu sakafuni. Msanifu wa umbu langu hakuvumbua mpango huo. Jørn Utzon, yule yule aliyeshinda 1957 mashindano ya kuchora jumba la opera la Sydney, alijijengea nyumba yake mwenyewe Hellebæk mwaka 1952: upande wa kaskazini ukuta wa matofali usio na dirisha, upande wa kusini vioo vitupu. Kabla yake, wakulima wa huko walikuwa wakiipa upepo mgongo wa nyumba kwa karne nyingi.

Kuhusu ukuta, hapo Kiswahili changu kilitokwa jasho. Ukuta wa nyumba hiyo una unene wa nusu mita karibu, nao si ukuta mmoja bali ni tabaka: tofali nje, kisha nyuzi zilizotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, laini kama sufi, kisha ukuta wa ndani. Nyuzi hizo nimeziita sufi ya mawe. Sikutaka kutunga neno la vitabuni ambalo mama asingelitumia tena. Kazi ya sufi hiyo si kuleta joto bali kulizuia lisitoke, kama blanketi lisilo na moto ndani yake lakini humpa mtu joto la mwili wake mwenyewe. Madirisha yana vioo vitatu vitatu, na katikati yake hewa maalumu isiyopitisha joto kwa wepesi. Unene huu wa kuta una historia. Mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda ghafula, Denmaki ilikuwa ikitegemea mafuta ya kigeni kwa sehemu kubwa mno ya nishati yake. Tangu hapo kanuni za ujenzi zimekuwa zikikazwa mara kwa mara, na sheria ya 1979 ikawapa watawala wa miji uwezo wa kupanga ugavi wa joto kama tunavyopanga ugavi wa maji. Leo takriban theluthi mbili za nyumba za nchi hiyo hupata joto kwa maji ya moto yanayopita chini ya barabara kutoka kituo kimoja.

Mama aliuliza moto utawashwa wapi. Nikamwambia hautawashwa, joto litatoka mjini kwa bomba. Alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama huyo mwenye bomba ni mtu wa kuaminika.

Mlango wa kuingilia ulimpendeza. Katika nyumba za Skandinavia viatu huvuliwa mlangoni, mgeni na mwenyeji, kama kwetu. Nyuma yake kuna chumba ambacho Wadenmaki hukiita bryggers. Asili ya jina hilo ni kupika pombe ya nyumbani, maana zamani ndimo ilimotengenezwa, na nguo zikafuliwa humo humo. Pombe imekwisha, jina limebaki. Siku hizi ni mahali pa mashine ya kufulia, mabuti yenye matope na makoti ya mvua. Sikumweleza mama asili ya jina.

Lakini tulipofika katikati ya nyumba alisimama, wala hakutaka kuendelea. Hapo palichorwa chumba kimoja kikubwa cha mita za mraba 52, ambamo jiko, meza ya kulia na viti vya kupumzikia vimo pamoja bila ukuta. Wenyewe hukiita alrum, nami nimekiita chumba cha yote, hadi mwenzetu mmoja atakapoleta neno bora.

"Mgeni aingie, aone sufuria?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nipike, wanaume wakinitazama mgongo?"

"Wanaume nao watakuwa wanapika."

Jawabu hilo halikumridhisha. Nisingependa wasomaji wadhani kwamba mama alikuwa akipinga maendeleo. Alikuwa akiuliza jambo ambalo wasanifu wa Skandinavia wenyewe walilishughulikia kwa muda mrefu: jikoni ni mahali pa nani? Mwaka 1899 mwandishi wa Uswidi, Ellen Key, alitoa kitabu chake juu ya uzuri kwa watu wote, akidai kwamba nyumba ya mfanyakazi, vyombo vyake vya kila siku na hata kiti chake vinastahili uzuri sawa na vya tajiri. Mwaka huo huo mchoraji Carl Larsson alichapisha picha za nyumba yake ya Sundborn: chumba chenye jua, viti vilivyopakwa rangi, watoto wakicheza. Watu wengi walijifunza kutoka katika picha hizo namna nyumba ya Kiswidi inavyopaswa kuwa. Yakafuata maonyesho ya Stockholm ya 1930, ambayo msanifu wake mkuu alikuwa Gunnar Asplund, na hapo vioo na kuta tupu vikatangazwa kuwa usanifu wa zama mpya. Lakini mimi naona kwamba hatua kubwa kuliko zote ilikuwa ya 1944, ilipoanzishwa huko Uswidi taasisi ya utafiti wa mambo ya nyumbani. Vyama vya wanawake na walimu wa sayansi ya nyumbani ndio waliokuwa nyuma yake. Watafiti walipima kazi za jikoni: mwanamke hutembea hatua ngapi kutoka kwenye sinki hadi kwenye jiko, meza iwe na kimo gani ili mgongo usiume, kabati la juu liishie wapi ili mkono ulifikie. Kazi ambayo daima ilichukuliwa kuwa si kazi ikapewa vipimo, na vipimo vikaingia katika kanuni za ujenzi.

Ukuta wa jiko ulianguka baadaye. Kadiri wanawake wengi wa nchi hizo walivyoingia katika kazi za mshahara, hasa kuanzia miaka ya 1960, hapakuwa tena na mtu wa kufungiwa jikoni mchana kutwa. Mzazi anarudi jioni amechoka, mama au baba, anapika huku akimsikiliza mtoto anayesoma mezani. Saa hizo mbili ndizo jamaa nzima wanazokuwa pamoja siku za kazi. Chumba cha yote kimechorwa kwa ajili yake.

Nilimweleza mama hayo, akayapima. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kesi:

"Na ndagala je?"

Msomaji asiyekaa kando ya Ziwa Tanganyika pengine hajui jinsi ndagala waliokaangwa wanavyoweza kuishi ndani ya pazia kwa wiki nzima. Niliandika swali hilo neno kwa neno na kulipeleka Odense. Shemeji yangu, ambaye ni mtu wa Jutland na hapendi maneno mengi, alijibu kwamba hata bibi yake alikuwa na tatizo hilo kwa samaki wa kukaanga. Msanifu akalitatua: katika bryggers, penye dirisha na mlango wa nje, ameongeza jiko dogo la umeme na bomba la kuvutia moshi. Hivyo chumba kile kilichoacha kupika pombe kimerudishiwa kupika.

Jambo la tatu ndilo lililokuwa zito. Mama aliigeuza karatasi huku na huku, akaniuliza ua uko wapi.

Ramani ilionyesha nyasi pande zote, na nyumba katikati kama mashua. Kwa Mdenmaki wa kawaida hiyo ndiyo bustani. Kwa mama yangu, mahali ambapo kila mpita njia anakuona si ua bali ni njia. Ua ni chumba kisicho na paa. Humo mtu hufunua kichwa chake, huanika mchele, hupokea mashoga, hulia akifiwa. Nyumba yenye vyumba kumi bila ua, kwake, ni pungufu.

Nami nilikuwa na la kumjibu, kwa kuwa nilikwisha kuona kwa macho yangu kwamba Skandinavia nayo inaujua ua. Mwaka 2019 nilimtembelea umbu langu, na siku moja tulipanda gari la moshi hadi Helsingør kuziangalia nyumba za Kingo, alizozijenga Utzon kati ya 1956 na 1960. Ni nyumba 60 na kitu za matofali ya manjano, za watu wa kipato cha kawaida, zilizojengwa kwa mikopo ya serikali na kwa ukubwa uliowekewa mpaka. Wenyeji huziita nyumba za Kirumi. Kila moja imechukua mraba wa mita 15 kwa 15: vyumba vimekaa pande mbili, vikipiga kona, na ukuta umezunguka pande mbili zilizobaki, hata katikati pakapatikana ua. Nje, upande wa njia, huoni karibu dirisha lolote. Ndani kila kitu kimefunguliwa kuelekea uani. Nazo hazikupangwa kwa mstari wa askari. Utzon alizilinganisha na maua juu ya tawi la mcheri, kila moja likijigeuza kutafuta jua lake. Mahali pengine ukuta wa ua umeshushwa kwa ngazi ili mwenye nyumba aone bonde, mahali pengine umeinuliwa ili jirani asimwone yeye. Fikira hizo Utzon alizitoa katika mashamba ya kale ya Denmaki, ambamo nyumba nne huzunguka ua mmoja, na pia katika nyumba za China.

Si mbali na hapo, Fredensborg, Utzon alijenga tena mtindo huo katika miaka ya mwanzo ya 1960: nyumba 47 zenye nyua, na nyingine 30 zilizoungana kwa safu, pamoja na jumba la kulia chakula na kukutana. Hizo zilikuwa makao ya Wadenmaki waliotumikia miaka mingi katika nchi za kigeni na kurudi kwao uzeeni. Nilipomsimulia mama habari hiyo alitikisa kichwa. Watu waliokaa kwa wenzao wamerudi kwao, wakajengewa ua. Ni haki, akasema.

Umbu langu alipopata maneno hayo, alimwita tena msanifu. Nyumba haikuweza kuwa mraba. Fedha za msingi zilikwisha kuhesabiwa. Walakini mkono mfupi uliongezwa upande wa mashariki, nyumba ikapiga kona, na ukuta wa matofali wenye kimo cha mita 1.8 ukafunga pembe ile. Wamepata ua wa mita 6 kwa 7, uliofunguka kusini na kukingwa upepo wa magharibi, ambao huko ndio adui wa kila siku. Na katika mkono huo mfupi ndimo kilimo chumba cha mama.

Chumba hicho, katika ramani ya kwanza, kiliandikwa jina la Kidenmaki lenye maana ya chumba cha wageni. Hapo palizuka maneno kati ya umbu langu na mumewe, nami nikaletewa nusu ya maneno hayo kwa simu. Ni lazima nieleze sababu. Hadi 2002 mkazi wa Denmaki aliweza, kwa masharti, kuomba mzazi wake aliyepita miaka 60 ahamie kwake. Mwaka huo sheria ilibadilishwa na haki hiyo ikafutwa. Kwa hiyo mama anaweza kwenda kwa viza ya matembezi, siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, kisha arudi. Shemeji yangu aliuliza kwa utulivu: je, ni busara kumjengea mtu chumba cha kudumu ikiwa sheria haimruhusu kudumu? Chumba cha mita za mraba 12 kina gharama kubwa, tena hutozwa joto hata kikiwa kitupu. Afadhali kiwe ofisi yenye kochi linalokunjuliwa. Umbu langu alijibu kwamba sheria zilizobadilishwa mara moja hubadilishwa mara ya pili, bali kuta zikishasimama hazihami. Hoja ya shemeji ilikuwa na nguvu zaidi. Mimi nilimwunga mkono umbu langu.

Mama hakuambiwa habari ya maneno hayo, lakini nadhani aliyasikia katika sauti yangu, kwa maana alikaa kimya sana juu ya karatasi ile. Kisha akauliza kibla.

Nilichukua mshale wa kaskazini na kupiga hesabu. Kwetu Bujumbura tunasali tukielekea kaskazini, kwa kuinama kidogo mashariki. Kwa mtu aliye Odense, Makka iko kusini-mashariki kamili, nyuzi 135. Na sasa ndipo lilipodhihirika jambo ambalo hata msanifu hakulijua: mwezi wa Desemba, siku zilizo fupi kuliko zote, jua la Odense huchomoza karibu upande huo huo, kwa tofauti ndogo tu. Dirisha la chumba cha mama, lililowekwa pale ili lipate nuru ya asubuhi ya baridi, linatazama kibla. Kasoro ilikuwa moja tu. Chumba kimechorwa sambamba na mashariki na magharibi, na kibla kinakikata pembe kwa pembe; mkeka ukitandikwa mshazari ungegonga mguu wa kitanda.

"Wasogeze kitanda," mama akasema. "Tena wakipanue kidogo, vitanda viwe viwili. Mjukuu wangu mkubwa alale humo. Mimi nikija nitamkuta, nisipokuja chumba hakitalala kitupu."

Katika nyumba za huko kila mtoto hupewa chumba chake na mlango wake, nalo ni jambo wanalolithamini sana. Binti huyo alikwisha kuchaguliwa chumba upande wa magharibi, na rangi ya ukuta. Alipoulizwa ana umri wa miaka kumi na mmoja. Alikubali, kwa sharti la kubaki na rangi yake. Chumba kikaongezwa sentimita 60 kwa upana, ofisi ya shemeji ikahamia upande wa magharibi, na hoja ya joto la bure ikafa yenyewe, kwa kuwa sasa hapana chumba kitupu. Juu ya karatasi ya mwisho msanifu amefuta neno la wageni na kuandika mormor. Hilo ni neno la Kidenmaki la bibi mzaa mama: mor ni mama, nao wamelirudia mara mbili, mama wa mama, kama tunavyosema sisi polepole na sawasawa. Katika nakala iliyopelekwa kuombewa kibali, hata hivyo, pameandikwa chumba tu, pamoja na ukubwa wake.

Kibali kikitoka, msingi utachimbwa mwezi wa Aprili, kwenda chini sentimita 90, kwa sababu juu ya kina hicho udongo huganda wakati wa baridi na kuuinua ukuta. Mama ametaka kujua ni nani atakayesoma dua siku ya kuchimba. Umbu langu amemwuliza shemeji, naye amesema haoni ubaya wowote, ila angependa kujua dua hiyo huchukua muda gani, maana mashine ya kuchimbia inakodishwa kwa saa.